Simu ya Baba Mdogo Ilikataa Kuzima

Nyumbani kwetu kulikuwa na marehemu mmoja na simu moja, na kati ya hao wawili aliyetulia alikuwa mmoja tu.

Marehemu alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, fundi wa lifti. Alianguka ndani ya shimo la lifti katika jengo la ofisi, akiwa kazini, na walipomfikia alikuwa ameshaondoka. Tulimzika. Viti vya kukodi vilirudishwa, masufuria makubwa yalirudi kwa wenyewe, na kila kitu chake kikaipokea habari kwa adabu. Buti zake zilikaa nyuma ya mlango bila kuuliza miguu. Mswaki wake ulikauka. Simu yake peke yake ndiyo iliyogoma. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo pale sebuleni, na kila baada ya muda iliwaka yenyewe, ikaangaza dari, ikafifia, kama mtu anayefumbua jicho moja kuona kama wageni wameshaondoka.

Haikuwa simu ya kuringia. Ilikuwa simu ya katikati, si ile ambayo mwenyewe huilaza kifudifudi mezani ili watu wazione kamera zake, wala si ile ya kufungwa kwa mpira wa daftari. Nene kidogo, nzito kama mche wa sabuni, na kioo chake kilikuwa na ufa pembeni. Baba Mdogo aliichagua kwa sababu moja tu, nayo ni betri.

“Kamera za nini?” alituuliza siku aliyokuja nayo. “Mimi nashinda shimoni. Nipe kitu kinachokaa na moto.”

Aliichaji Jumapili na kuisahau. Sisi wengine, tuliokuwa tunatambaa ukutani kutafuta soketi, alitutazama kwa huruma kubwa. Ukimwambia, “Baba Mdogo, chaji imeniishia,” alikushika mkono kwa heshima na kusema, “Pole sana. Wafiwa wengine wako wapi?”

Sasa wafiwa tulikuwa sisi, na chaji bado ilikuwepo.

“Hivi hicho kidude kitazima lini?” aliuliza Bibi, mama yake marehemu, siku niliyofika.

“Chaji ikiisha, Mama,” alijibu mama yangu.

“Na itaisha lini?”

Mama alisogea kabatini akachungulia. “Bado ina arobaini na kitu.”

“Mwanangu hakuifikisha hata miaka hiyo arobaini,” akasema Bibi.

Kuizima tungeweza. Lakini Mama Mdogo, mjane wake, alikuwa ametoa amri moja tu tangu msiba uanze, naye ni mtu asiyetoa amri: “Asiizime mtu.” Hakusema kwa nini. Kwa hiyo iliendelea kuishi kati yetu. Watu wasio na habari walimpigia. Ujumbe ulijitokeza kwenye kioo kilichofungwa: “Fundi uko wapi?” Tulikuwa tunausoma sote kwa pamoja, vikombe mikononi, kisha kila mtu anatazama upande wake. Na mchana, wakati nyumba imenyamaza kabisa, ilitoa mlio mdogo wa furaha na kuandika: “Umekaa muda mrefu. Simama utembee kidogo.”

Mama alitoka nje kabisa siku ile. Bibi alisema simu hiyo haina malezi.

Mimi ndiye mjukuu aliyetoka shule ya bweni kwa ruhusa ya msiba. Shuleni wananiita Mheshimiwa, na jina limenifuata hadi nyumbani, kwa sababu napenda kusema mambo ya kipuuzi kwa uso wa mtu anayezindua daraja. Niliwahi kulishawishi bweni zima kwamba umetoka waraka wa kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Niliwahi kumfanya mwalimu wa zamu asimame wima na kulipigia saluti gari la takataka. Nayataja haya si kwa kujisifu, bali ili ieleweke kwa nini baadaye, nilipouhitaji sana ukweli, ukweli ulinitazama kama mgeni.

Jambo jingine ni uso wangu. Sikufanana na baba. Nilifanana na mdogo wake kama shilingi kwa ya pili. Tofauti yetu ilikuwa ndevu, ambazo yeye alizinyoa kila asubuhi na mimi zangu zilikuwa bado hazijaripoti. Zamani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Niliposhuka na begi langu mlangoni, Bibi alidondosha kikombe. Majirani walinipa mkono huku wakitazama pembeni. Mama Mdogo alinisalimia kidevu, si macho, na kila nilipoingia chumba alichokuwemo alikumbuka shughuli katika chumba kingine.

Siku moja alasiri simu ililia katikati ya wageni. Mlio ulikuwa wa kuchekesha, kuku anayetaga, na wageni walikuwa wa heshima.

“Mheshimiwa,” Bibi aliita kwa meno yaliyofungwa, “hebu mwondoe huyo kuku. Muweke kwenye droo chumbani kwangu.”

Niliichukua. Ilipopanda mkononi mwangu kioo kiliwaka chenyewe. Kufuli dogo lililochorwa juu lilitikisika, likafunguka, na maneno yakatokea: “Karibu tena.”

Sijui kama mtu mwingine amewahi kukaribishwa hivyo. Niliilaza kifudifudi kwenye kiganja. Nikaiinua tena usawa wa uso. Kufuli likatikisika, likafunguka. Karibu tena. Nyuma ya alama zote kulikuwa na picha ya Mama Mdogo amelala juu ya cherehani, shavu kwenye kitambaa, mdomo wazi kidogo. Picha iliyopigwa na mtu anayejizuia kucheka.

Wanaojua simu wataniambia kwamba ikikaa muda mrefu lazima iombe kwanza mchoro wa kufungulia, uso peke yake hautoshi. Najua. Simu zetu za magendo bwenini huomba. Hii haikuomba. Sina maelezo, na mimi ni mtu mwenye maelezo ya kila kitu.

Nilitembea nayo kwenye korido kuelekea chumbani kwa Bibi. Ikatoa ule mlio wake wa furaha. “Vizuri! Leo umeanza kutembea.”

Nilisimama hapo hapo. Sikutaka kumwongezea marehemu hatua hata moja. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na simu ya mtu mwingine ikiwa wazi mkononi, na halikunijia wazo lolote la kuituma ikafanye vituko. Mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa Mama Mdogo, basi nikagonga.

Alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona. Mama Mdogo hushona sare za shule. Gauni la buluu lilikuwa limelala mbele yake, mikono imeshikizwa kwa pini, futi ya kupimia iko shingoni mwake, chaki iko sikioni kama sigara ya fundi seremala.

“Mama Mdogo, samahani. Simu imefunguka.”

“Nani kaifungua?”

“Imenifungukia mimi. Kwa uso.”

Safari hii alinitazama machoni, na nikatamani arudi kwenye kidevu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Nimejaribu michoro yote ninayoijua,” alisema. “Herufi ya jina langu. Ya jina lake. Nikaogopa itajifunga kabisa. Keti hapo. Usitie neno la mzaha, Mheshimiwa, nakuomba.”

Niliketi kwenye kiti cha cherehani. Akanieleza, akizungumza na gauni.

Siku ya ajali haikuwa zamu ya Baba Mdogo. Walikuwa wamepanga waende pamoja kutazama kibanda cha kushonea, cha Mama Mdogo mwenyewe, barabarani. Simu ikalia asubuhi, watu wamekwama lifti. Baba Mdogo akavaa ovaroli. Wakagombana mlangoni. “Nikamwambia,” alisema Mama Mdogo, “‘Nenda basi. Nenda ukazikwe umesimama.’”

Alitoa chaki sikioni, akaitazama, akairudisha.

“Hakunijibu. Aliacha chai nusu akaenda. Nikakaa hapa, roho haitulii, nikamwandikia ujumbe. Ulifika, niliona alama zile mbili. Lakini unamjua, alikuwa amezizima zile za kuonyesha kama amesoma. Alisema fundi aliye juu ya lifti asidaiwe majibu. Basi sijui kama aliusoma. Hicho tu ndicho nataka kukijua. Sitaki kuishika mimi. Tazama wewe, uniambie.”

Sasa ikaeleweka kwa nini asiizime mtu.

Niliiinua simu usoni. Karibu tena. Nikafungua mahali pa ujumbe. Jina lake lilikuwa limebandikwa juu kabisa, lisishushwe na ujumbe wa wengine, limehifadhiwa kama “Mkuu wa Nyumba,” na pembeni yake kulikuwa na kiduara cha kijani chenye namba moja ndani. Namba moja ile maana yake ni kwamba ujumbe haujafunguliwa. Baba Mdogo hakuusoma.

Hapa ndipo kichwa changu kilipofanya kazi yake ya siku zote. Nilimwona mwanamke aliyekaa ukingoni mwa kitanda na vidole vilivyokunjwa, nikaona kiduara kidogo kama punje ya dengu, nikajiambia: Mheshimiwa, hii ni zawadi. Kidole kimoja tu. Nikabonyeza. Ujumbe ukafunguka, nami nikausoma kwa uso wa mtu mwingine:

“Nilichosema asubuhi nimekifuta. Ilikuwa hasira. Shuka huko urudi, nimekuwekea chakula. Nijibu hata neno moja.”

Nilirudi nyuma. Kiduara kilikuwa kimetoweka. Nikasafisha koo.

“Aliusoma,” nilisema.

“Kweli?”

“Tazama mwenyewe. Ungekuwa haujasomwa pangekuwa na alama ya kijani hapa. Hakuna.”

Aliichukua kwa mikono miwili. Alivuta pumzi ndefu, na nikaanza kujipongeza kimyakimya kwa hotuba fupi. Kisha akauliza, “Aliusoma saa ngapi?”

Mwongo mzuri hajibu swali asiloulizwa, lakini akiulizwa lazima ajibu haraka. “Asubuhi ile ile,” nilisema. “Ulipofika tu.”

“Ulipofika tu.”

“Ndiyo.”

“Basi alikuwa nao asubuhi nzima.” Alisema polepole sana, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. “Nilimwomba neno moja. Yeye huwajibu hata wanaouza viwanja. Alinisoma, akaniweka mfukoni, akaendelea na kazi.” Akaiinamisha simu. “Alikataa.”

“Mama Mdogo, labda mikono yake ilikuwa—”

“Asante, mwanangu. Sasa najua. Nenda.”

Alikesha nayo. Mama alituambia asubuhi: mwanga ulikuwa chini ya mlango usiku kucha. Alikuwa akikigusa kioo kila kilipotaka kufifia, simu isijifunge, akiyatazama maneno yake yasiyojibiwa. Kulipokucha aliirudisha kabatini ikiwa imejifunga, akaingia chumbani, akatoa masanduku mawili chini ya kitanda.

Bibi alikuwa wa kwanza kuona. “Unakwenda wapi, mwanangu?”

“Kwetu, Mama.”

“Kwenu ni hapa.”

“Palikuwa hapa kwa sababu yake. Yeye ameondoka akiwa amenikataa. Nitakaaje na ndugu wa mtu aliyenikataa? Kila siku nitawatazama usoni.” Na hapo macho yake yalinipitia mimi niliyesimama nyuma ya Bibi, yakakimbia.

Bibi alikaa chini kwenye korido, sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yameliruhusu kwa miaka mingi. Alikuwa amezika mtoto. Sasa anafungiwa masanduku na huyu aliyebaki. Nyumba ilikuwa inavunjika, na nyundo niliishika mimi.

Nikaingia chumbani, nikasema ukweli wote kwa pumzi moja. Kwamba kiduara kilikuwepo. Kwamba nilikibonyeza mimi. Kwamba Baba Mdogo hakuusoma ujumbe.

Mama Mdogo aliendelea kukunja blauzi. “Bibi ndiye kakutuma?”

“Hapana! Nilidanganya jana. Leo nasema kweli.”

“Jana ulidanganya kwa uso huo huo.”

“Naapa.”

“Mheshimiwa,” alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, “uliwafanya watu wapige mswaki kwa mkono wa kushoto. Jana nilikuuliza, ukanionyesha. Leo umeniona nafunga sanduku, na hadithi imegeuka. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka.”

Nilimkimbilia mama. Mama aliniambia niache kumchezea mfiwa. Nilimtazama Bibi. Bibi alisema, “Mjukuu wangu, hata mimi ningependa iwe kweli.” Baba hakuwepo, alikuwa kwenye ofisi za wenye jengo. Nikabaki katikati ya sebule na ukweli mkononi, hakuna anayeutaka.

Ndipo nikakumbuka bweni.

Watu wa nje hawajui, lakini sisi wenye simu za magendo tunaishi kwa betri. Hakuna soketi bwenini. Unachaji mara moja, maabara, mwalimu wa kemia akiwa amegeukia ubao, na chaji hiyo lazima ikae. Kwa hiyo kila mmoja wetu huufungua ukurasa wa matumizi ya betri kama watu wengine wanavyopima joto la mgonjwa. Ukurasa ule hausemi kiasi kilichobaki tu. Unachora mstari tangu ulipochaji mara ya mwisho, na chini yake unaweka vijiti vya rangi kila kioo kilipowaka, na unasema ni kitu gani kilikula moto, saa hadi saa. Tumewakamata wezi wa simu kwa ukurasa ule. Na unafutika ukichaji tena ikajaa.

Baba Mdogo aliichaji Jumapili. Hakuna aliyeichaji tena. Kwa hiyo siku yake ya mwisho ilikuwa bado imo ndani, nzima.

Nilitazama kabatini. Simu haikuwepo.

“Mama! Simu iko wapi?”

“Jikoni,” mama alijibu. “Imebaki mbili. Namtafutia chaja, aondoke nayo ikiwa imejaa.”

Niliingia jikoni kama mwizi anayefukuzwa. Mama alikuwa ameshachomeka chaja ukutani, na waya ulikuwa mkononi mwake, karibu kabisa na kitundu cha simu.

“Usichomeke!”

“Una nini wewe?”

“Mama, usichomeke, nitafua nguo za nyumba nzima mpaka nioe, usichomeke!”

Niliinyakua. Mama alinifuata na waya mkononi, akinitaja kwa majina yote ambayo mama huyatunza kwa siku kama hiyo. Niliingia chumbani kwa Mama Mdogo bila kugonga. Sanduku moja lilikuwa limefungwa. La pili lilikuwa wazi, na juu ya nguo zake alikuwa ameweka mkasi wake mkubwa, umeviringishwa kwenye kitambaa.

“Mama Mdogo, kitu kimoja tu. Si mimi nitakayesema. Simu itasema.”

“Toka.”

“Inakaribia kuzima. Ikizima itaomba mchoro, na mchoro alikuwa nao yeye. Kitu kimoja.”

Nikaiinua usoni. Kufuli likatikisika. Likabaki limefungwa. “Uso haujatambuliwa.”

Niliisogeza karibu, nikaiweka mbali, nikaijaribu tena. Uso haujatambuliwa. Imebaki moja, iliandika juu, kwa wekundu. Nilihisi machozi, na nadhani mdomo ulikuwa unacheza, na kadiri nilivyotaka inijue ndivyo ilivyozidi kunikana.

“Haifunguki,” nilisema. “Jana ilifunguka.”

Mama Mdogo alisimama na blauzi mkononi. Mama alikuwa mlangoni na waya wake.

“Unaikodolea macho,” Mama Mdogo alisema. “Yeye hakuwa anakodoa.”

Aliiweka blauzi chini. Akanisogelea. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, vikavu, vyenye vumbi la chaki, akakiinua kidogo upande wa kushoto. Akanifuta machozi kwa ncha ya futi. Akabonyeza katikati ya nyusi zangu hadi zikaachana. “Mdomo usiufunge hivyo,” alisema kwa sauti ya chini sana. “Aliuacha kidogo. Kama mtu anayetaka kukutania lakini ameghairi. Hapo. Tulia hapo.” Alirudi nyuma hatua moja, akautazama uso aliokuwa ameutengeneza, na mkono wake ukapanda mdomoni.

Kufuli likafunguka. Karibu tena.

Sikuthubutu kusogeza hata shavu. Nilitafuta ukurasa kwa kidole, nikamgeuzia.

“Huu ni mstari wa betri. Hapa Jumapili aliichaji. Hii ni asubuhi ile. Kijiti hiki ni simu aliyopigiwa, ya watu wa lifti. Umeona? Baada ya hapo hakuna kijiti cha maana. Ujumbe wako uliingia hapa, saa nne. Kioo hakikuwaka mkononi mwake, Mama Mdogo. Kiliwaka chenyewe nusu dakika, ulipoingia, basi. Hakufungua kitu. Ona, tupu, tupu, tupu siku ile yote, na hivi vidogo vya huku ni pale ilipojiwakia kabatini. Hiki hapa ni mimi, jana alasiri. Na hivi vyote ni wewe, usiku.”

Alifuata mstari kwa kucha. Alikuwa mtu wa kupima; alielewa haraka kuliko nilivyoeleza.

“Mbona unateremka hivi na hajaigusa?”

Niliteremsha ukurasa. Juu kabisa ya vitu vilivyokula moto, juu ya mazungumzo, juu ya kila kitu, kulikuwa na neno moja: Tochi.

“Alikuwa ameiwasha tochi,” nilisema.

“Ile ya kazini ilikuwa inamzingua wiki nzima.” Alinigusa kifuani, upande wa kushoto, bila kujua anagusa. “Nilimshonea mfuko hapa kwenye ovaroli. Na tundu la taa. Ili mikono yake yote miwili iwe huru.”

Kisha akatazama tena, na uso wake ukabadilika. “Inasema mpaka jioni.”

“Ndiyo.”

“Alianguka mchana.”

Mama aliuachia waya ukaning'inia. Sote watatu tulikuwa tunaliona jambo moja, shimo refu, na chini kabisa mwanga mdogo unaoangaza ukuta, unaendelea, unaendelea, na ndani ya mwanga huo chakula kimewekwa, na hasira imefutwa, na hakuna wa kusoma.

“Haukufika kwake,” alisema Mama Mdogo.

“Haukufika.”

“Hakunikataa.”

“Hakuwa ameuona.”

“Lakini aliondoka na lile neno langu la mlangoni.”

Nilitafuta jambo la kusema. Ninayo maneno ya kila hafla. Nilimtazama mama, mama akatikisa kichwa.

“Ndiyo,” nilisema. “Aliondoka nalo.”

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu mishono. Akaichukua simu, akaufungua ujumbe wake, akausoma kwa sauti kutoka mwanzo. Hakunisomea mimi, ingawa macho yake yalikuwa usoni mwangu. Nilitulia kama alivyoniweka, kidevu juu kidogo, mdomo haujafungwa. “Nilichosema asubuhi nimekifuta,” alisoma. “Ilikuwa hasira.” Alipofika kwenye chakula sauti ilikatika, akaisubiri, ikarudi. “Nijibu hata neno moja.”

Nilivuta pumzi.

“Usijibu,” alisema.

Simu ilitetemeka mara moja kiganjani mwake, ikaonyesha gurudumu dogo linalozunguka, na kikafuata kioo cheusi chenye ufa. Huko korido Bibi aliuliza kuna nini.

“Nichomeke sasa?” mama aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

“Acha, dada.” Aliiweka simu juu ya kabati la nguo, akaketi kitandani kando ya sanduku lililofungwa. Alikaa hapo hadi jua likahama kutoka kwenye cherehani hadi ukutani. Kisha akalifungua.

“Mheshimiwa.”

“Naam, Mama Mdogo.”

“Utazirudisha nguo hizi zote kabatini. Moja moja, na uzikunje kama nilivyozikunja. Bila hotuba.”

“Sawa.”

Nikainama nichukue ya kwanza.

“Ngoja,” alisema. “Geukia ukutani kwanza. Kwa leo nimekutazama vya kutosha.”

Niligeukia ukutani. Alikuwa akinipa nguo kwa nyuma, mkono kwa mkono, nami nikazikunja bila kuona uso wa mtu.